Barua Tatu Chini ya Kitenge

Mwanamke anayejifungua hana nafasi ya kuona haya. Akimfungia mkunga mlango na kujifunika shuka hadi shingoni, mtoto hatazaliwa salama, na huenda wakapotea wote wawili. Ndiyo maana wazee wakasema mficha uchi hazai: anayeficha shida yake kwa kuona aibu hapati wa kumsaidia. Methali hii tunaipenda sana, ila kila mmoja wetu hudhani ilitungwa kwa ajili ya jirani. Msichana aitwaye Umuhire naye aliwahi kuiandikia insha alipokuwa akisoma shule ya Nyundo, akapata alama nzuri na kupigiwa makofi. Yaliyompata baadaye yanaonyesha kwamba kuisifu methali ni kitu kimoja na kuitii ni kitu kingine.

Umuhire alizaliwa Gisenyi, mji wa Rwanda ulio mpakani kabisa na Goma ya Kongo, katika nyumba iliyozungumza Kiswahili cha Kongo kwa sababu wazazi wake walirejea Rwanda kutoka Masisi. Baba alifariki mapema. Mama yake, Mukankusi, aliwalea yeye na kaka yake Onésphore kwa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Asubuhi aliwanunua kwa wavuvi ufuoni, akajitwika beseni, akaungana na mamia ya wanawake wanaovuka kwenda Goma kwa miguu. Afisa akimuuliza amebeba nini, Mukankusi alitabasamu na kujibu, "Ni ya kula tu, chef." Afisa alijua si ya kula, naye Mukankusi alijua kuwa afisa anajua. Wakacheka, wakabembelezana, siku ikaendelea. Umuhire alikua akiusikia mchezo huo tangu alipokuwa mgongoni.

Alipofika chuo kikuu alichagua kusomea maji ya maziwa, na katika mwaka wa tatu akateuliwa, yeye peke yake katika darasa lake, kwenda kusoma mwaka mmoja Konstanz, mji wa Ujerumani. Alipoitazama ramani alicheka sana. Aliona ziwa, mpaka uliopita katikati ya nyumba, na mji wa pili upande wa pili, uitwao Kreuzlingen, ambao ni wa Uswisi.

"Maman, mi naenda Gisenyi ya Bazungu!" alimwambia mama yake.

Siku ya kuondoka Mukankusi alimfungia kitenge kipya ndani ya sanduku, akamshika mabega. "Kule usilielie batu," alimwonya. "Mutu akikuuliza uko namna gani, sema hakuna shida. Batu bakijua shida yako, banakuzarau. Umesikia?"

"Nimesikia, Maman."

Alisikia vizuri mno, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Konstanz ilikuwa safi, tulivu na yenye kanuni nyingi. Umuhire alipanga chumba katika nyumba ya wanafunzi, akatumia jiko moja na msichana mmoja mrefu aitwaye Wiebke. Juu ya friji Wiebke alikuwa amebandika orodha: nani anasafisha jiko wiki ipi, karatasi zinaingia pipa lipi, mabaki ya chakula pipa lipi. Wiki ya kwanza Umuhire alitupa maganda ya ndizi kwenye pipa la karatasi. Wiebke aliyatoa, akamwonyesha pipa la kahawia, akarudi chumbani kwake bila kukasirika na bila kutabasamu. Umuhire alitamani ardhi ipasuke immeze. Tangu siku hiyo alipika Wiebke akiwa hayupo, na wakikutana walisalimiana kwa neno moja tu.

Mengine aliyazoea polepole. Alizoea kula mkate na jibini jioni badala ya chakula cha moto, kuendesha baiskeli kwenye njia yake, na kukaa kimya Jumapili kama watu wote. Maabara aliipenda. Walichota maji ziwani, wakayapima, na kila alipoinamia ile chupa baridi alikumbuka harufu ya ufuo wa kwao.

Kila Jumapili saa kumi alasiri alimpigia mama yake simu ya video. Mukankusi alikuwa na desturi yake. "Geuza simu nione," alisema kabla hata ya salamu kuisha. Umuhire aligeuza simu, akamwonyesha kitanda, dirisha, meza na viatu vya baridi vilivyopangwa mlangoni. Mukankusi aliridhika. Yeye mwenyewe aliketi kwenye kiti cha buluu, uso wake ukijaa kioo kizima.

"Na wewe, Maman?"

"Mi niko muzuri. Hakuna shida."

Mwishoni mwa Oktoba upweke ulimzidi. Jumamosi moja alivuka kwa miguu hadi Kreuzlingen, na hakuna aliyemuuliza kitu. Huko aliwakuta akina mama wa Kikongo waliokutana kila wiki kufanya mazoezi ya kwaya. Waliposikia Kiswahili chake walimkumbatia, wakamlilia hali yao: miaka mingi hawajala sambusa ya maana. Wiki iliyofuata Umuhire aliwapelekea sambusa za nyama, wakazinunua zote wakagombea ile ya mwisho. Damu ya Mukankusi ikaamka. Jumamosi nne mfululizo mtoto wa muuza sambaza alivuka mpaka na mfuko wake akiimba, akijiona yuko nyumbani.

Jumamosi ya tano ofisa wa forodha alimsimamisha. Alifungua mfuko, akaona sambusa mia moja na ishirini zimepangwa kwa mistari.

"Hizi ni za kuuza?"

Umuhire alitabasamu tabasamu la mama yake. "Hapana, bwana. Ni za kula nyumbani."

Alingoja kicheko. Hakikuja. Ofisa aliuliza wanaishi watu wangapi nyumbani hapo. Umuhire alitazama mfuko. Ofisa akapima mfuko kwenye mizani, akachukua zilizozidi kiasi cha nyama kinachoruhusiwa, akaandika jina lake na namba ya pasipoti, kisha akaliandika lile jibu lake, neno kwa neno. "Utapata barua," alisema kwa upole, akamruhusu aende.

Kule kwao jibu lile lilikuwa salamu tu ya mpakani. Hapa lilikuwa limeandikwa na kuwekwa sahihi. Umuhire alirudi chumbani, akasoma tena karatasi ya viza yake, akakuta mstari ambao hakuwa ameujali: mwanafunzi haruhusiwi kufanya biashara. Kumbe amevunja sheria, na juu yake amedanganya serikali. Viza hiyo ilikuwa ikimalizika tarehe thelathini na moja Januari. Mwezi wa Oktoba alikuwa ameomba kibali cha ukaazi, akaambiwa asubiri jibu. Bila kibali angerudishwa nyumbani, na mwaka mzima wa masomo ungefutwa. Sasa kuna nani atakayempa kibali mwongo?

Siku chache baadaye bahasha ya kijivu yenye mhuri wa serikali ilikuwa ndani ya sanduku lake la barua.

Lazima niseme jambo kuhusu sisi na barua. Gisenyi mtu anayekupenda hukupigia simu. Hata ofisi za serikali siku hizi hutuma ujumbe kwenye simu. Karatasi yenye mhuri ikiletwa hadi mlangoni kwako, basi umeshtakiwa, au unaitwa kwenda kueleza ulichofanya. Umuhire aliishika ile bahasha kwa ncha za vidole, akapanda nayo ngazi, akaifukia ndani ya sanduku la nguo, chini ya kitenge cha mama yake. Barua isiyofunguliwa, alijiambia, haijasema kitu. Kabla ya Krismasi kuisha ilikuja ya pili. Katikati ya Januari ikaja ya tatu. Zote zililala chini ya kitenge.

Zililala barua, yeye hakulala. Chakula alikiacha sahanini. Akimwona polisi barabarani, alishuka kwenye baiskeli na kuingia duka lolote lililokuwa karibu, akajifanya anatazama sabuni. Asubuhi alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta, akakitazama kisanduku cha barua kama mtu anayetazama shimo la nyoka. Maabara alivunja chupa mbili kwa siku moja. Mwalimu wake alimuuliza kama yuko sawa.

"Hakuna shida," alijibu.

Hata Wiebke alisimama mlangoni mwa jiko siku moja, akamtazama alivyokonda. "Unaumwa?"

"Hapana. Hakuna shida."

Jumapili zilipofika alijipaka mafuta usoni, akavaa sweta nene ili mifupa isionekane, akampigia mama yake. Mukankusi alikuwa kwenye kiti kilekile. Mara moja Umuhire alipiga Jumatano, saa ya soko, akashangaa kumkuta nyumbani. "Samaki ziko kidogo," mama yake alisema, naye hakuuliza zaidi. Mwenye hofu haoni ila hofu yake.

Zikabaki siku sita kabla viza haijaisha. Ilikuwa Jumapili, na baridi ilikuwa kali kiasi kwamba Umuhire alikuwa amekitoa kitenge sandukuni na kujifunga kiunoni juu ya suruali. Simu ilipopokelewa, Mukankusi alisema kama kawaida yake, "Geuza simu nione."

Umuhire aligeuza bila kufikiri. Akapitisha kitanda, akapitisha dirisha, akapitisha sanduku lililokuwa wazi.

"Rudisha. Ile ni nini?"

"Ni makaratasi tu, Maman."

"Makaratasi iko na mhuri? Mi sijuwe kusoma Kizungu, lakini mhuri naijua. Mutoto, iko nini?"

Umuhire alifungua kinywa kusema hakuna shida. Badala yake kilio kilimtoka, kilio cha wiki nane, na ndani ya kilio hicho alisimulia yote: sambusa, ofisa, jibu alilojibu, barua tatu, viza. Alipomaliza hakuthubutu kutazama kioo.

"Yoo, mutoto wangu!" Mukankusi alishika kichwa. "Mi nilikuambia usilielie batu. Sikukuambia ufe kimya! Donc, siku yote hii hujafungua?"

"Niko naogopa. Wakinirudisha, mwaka wote umekufa."

"Na usipofungua, haitakufa? Pale nyumbani hakuna mutu anajua kusoma ile luga vizuri?"

"Wiebke iko. Lakini nitaona haya. Ataniona mwizi."

"Haya!" Mukankusi alisogeza uso mpaka kioo kikajaa jicho moja. "Haya itakupa kibali? Beba ile barua. Mupelekee sasa hivi. Simu usizime, mi niko nangoja."

Kutoka mlango wa Umuhire hadi wa Wiebke ni hatua sita. Alizitembea kama mtu anayepelekwa kizimbani. Aligonga. Wiebke alifungua akiwa na kijiko mkononi, akamwona jirani yake amesimama na bahasha tatu, macho mekundu, na mwanamke wa mbali akichungulia kutoka kwenye simu.

"Naomba unisaidie," Umuhire alisema. Maneno hayo kwa Kijerumani ni mafupi, lakini hakuwahi kusema maneno mazito kuyashinda.

Wiebke alimkalisha kitandani, akazifungua bahasha kwa kisu cha mkate. Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Alipofika ya tatu alikunja uso, akairudia tangu mwanzo.

"Watanifukuza lini?" Umuhire aliuliza.

"Kukufukuza? Hizi si za forodha. Ni za ofisi ya wageni. Walikuita tarehe kumi na sita Desemba uchukuliwe alama za vidole kwa ajili ya kibali. Hukwenda. Wakakuita tena tarehe kumi na tatu Januari. Hukwenda. Hii ndiyo ya mwisho." Aligonga karatasi kwa kidole. "Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi. Usipotokea, ombi lako linafungwa."

"Jumanne ipi?"

"Keshokutwa."

 Kwa wiki nane Umuhire alikuwa ameuficha mlango wa kutokea, akidhani anaficha jela.

"Kwa nini hukugonga?" Wiebke aliuliza. "Hatua sita tu."

"Nilidhani hunipendi."

"Na mimi nilidhani hunipendi wewe," Wiebke alijibu, akaweka kijiko mezani. "Kila nikiingia jikoni, unatoka."

"Anasema nini?" Mukankusi aliuliza kutoka kwenye simu. "Umuhire! Anasema nini huyo mutoto murefu?"

Jumanne hiyo Wiebke alimsindikiza. Ofisini walikuta mama mwenye miwani, aliyelifungua faili na kutazama tarehe, kisha akamtazama Umuhire. "Tumekuita mara mbili. Ulikuwa wapi?"

Umuhire angeweza kusema alikuwa mgonjwa. Uongo huo ulikuwa tayari ulimini. Akaumeza, akasimulia ukweli wote kuanzia sambusa ya kwanza. Mama yule alisikiliza bila kumkatiza, akageuza kurasa za faili moja baada ya nyingine.

"Hilo halimo humu," alisema hatimaye. "Forodha watakuandikia wenyewe. Ila mwanafunzi hafanyi biashara, na usimjibu tena ofisa namna ile. Weka kidole hapa." Alama za vidole zilipokwisha kuchukuliwa, akampa karatasi ya kumlinda mpaka kibali kitoke. "Ungekuja kesho, ningekuwa nimelifunga."

Barua ya forodha ilikuja Februari: ukurasa mmoja wa onyo. Umuhire aliifungua palepale kwenye ngazi, kabla hata ya kuvua glavu.

Lakini nimeruka mbele. Turudi ile Jumanne, kwa sababu hadithi haikuishia ofisini. Umuhire alipotoka alimpigia mama yake akiwa bado barabarani, akapunga ile karatasi mbele ya simu.

"Yeee! Mungu iko!" Mukankusi alipiga vigelegele, akapiga makofi, akatikisa mabega. Gisenyi nzima inajua kwamba Mukankusi akifurahi hakai chini; hucheza mpaka mlangoni akawaita majirani. Safari hii alitikisa mabega tu. Hakuinuka.

Hofu ilikuwa imemtoka Umuhire, na macho yake yakarudi kazini. Aliona kiti cha buluu. Tangu Oktoba ni kiti hicho hicho. Aliona ukuta nyuma ya mama yake, palipokuwa pakining'inia beseni la sambaza, na sasa pana msumari tu.

"Maman," alisema taratibu, "geuza simu nione."

"Unione nini? Nyumba unaijua."

"Geuza."

"Mutoto, hakuna shida."

Katika maneno hayo Umuhire alisikia sauti yake mwenyewe, ile iliyomjibu mwalimu, ile iliyomjibu Wiebke. "Geuza simu, Maman. Sikati mpaka nione."

Simu ilishuka polepole. Mguu wa kulia wa Mukankusi ulikuwa juu ya kigoda, umefungwa matambara. Ulikuwa umevimba hadi gotini, ngozi imekuwa nyeusi na kung'aa, na pembeni yake ilisimama fimbo ya kutembelea. Mwezi wa Oktoba aliteleza ufuoni kwenye mawe yenye maji, beseni likiwa kichwani. Jirani alimkanda kwa majani. Hospitali hakwenda, maana angelazwa, na akilazwa habari zingefika Ujerumani. Onésphore alikatazwa kusema, akaapishwa kwa jina la baba yake.

"Toka mwezi wa kumi?" Umuhire alinong'ona. "Miezi mitatu na zaidi?"

"Sikutaka usome na mawazo. Na batu ya soko bangesema, angalia Mukankusi, mutoto iko Ulaya, yeye anaoza mu nyumba. Niliona haya."

Umuhire alilia, lakini safari hii alilia kwa hasira. "Haya! Haya itakupa mguu?"

Mukankusi alimwita Onésphore. Ndani ya nusu saa Onésphore alikuwa amepata gari la jirani, akambeba mama yake mgongoni kama alivyobebwa yeye zamani, akamkimbiza hospitali. Daktari aliutazama mguu, akawatazama wao. Mfupa ulikuwa umeunga kombo, na kidonda kilikuwa kimeanza kuula kutoka ndani. Kama angechelewa wiki mbili nyingine, alisema, wangeukata. Walilazimika kuuvunja upya na kuutia vyuma. Mukankusi alikaa wodini wiki nyingi, na mpaka leo anachechemea, wala hataweza tena kujitwika beseni hadi Goma. Hicho ndicho kilichobaki cha miezi ile ya hakuna shida.

Jumapili ya kwanza baada ya kupasuliwa, saa kumi alasiri, simu ililia Konstanz. Umuhire na Wiebke walikuwa jikoni wakikaanga sambusa za kula wenyewe, kweli safari hii. Uso wa Mukankusi ulitokea juu ya mto wa hospitali, umechoka. Umuhire alifungua kinywa, lakini mama yake alimtangulia. Bila kuombwa, aligeuza simu, akaonyesha kitanda, akaonyesha vyuma vilivyotoka mguuni, akaonyesha mshono wote kutoka goti hadi kifundo, na akina mama watano wa sokoni waliomzunguka na vyungu vya uji.

"Tazama yote," alisema. "Inauma sana, mutoto wangu. Inauma sana."

Umuhire alitazama yote. Ndipo alipoielewa ile insha aliyopigiwa makofi Nyundo: mficha uchi hazai.